Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Iliyo Tayari, ya Kuunganisha, au ya Ofisini Iliyoongezewa Kadi

Kompyuta ya gemu ni kompyuta ya kawaida yenye kadi ya picha ya nguvu, pawa saplai inayotosha kuilisha kadi hiyo, na kesi inayopitisha hewa ya kutosha kuipoza. Kadi, umeme na hewa ndivyo vinavyoitofautisha na mashine ya kuandikia barua. Prosesa, RAM na diski zipo pia kwenye kompyuta ya karani. Mwenye fedha kidogo anapaswa kulishika jambo hili kabla ya lingine lolote, kwa sababu pesa nyingi hupotelea kwenye vitu visivyoongeza chochote katika gemu: taa za rangi, kesi ya kioo, na neno "gaming" lililobandikwa juu ya boksi.

Anayeingia kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, hukuta njia tatu. Ya kwanza ni kununua kompyuta ya gemu iliyo tayari. Ya pili ni kununua vipande na kuviunganisha, kwa mkono wake au wa fundi. Ya tatu, ambayo miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani huipa nafasi ndogo, ni kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba kisha kuiongezea kadi ya picha. Kwa bajeti ndogo kabisa, njia hii ya tatu ndiyo inayostahili kupimwa kwanza.

Kwanza gemu na skrini, ndipo kompyuta

Kosa la awali ni kuuliza "kompyuta gani nzuri?" kabla ya kujua itachezeshwa nini. Gemu kama Valorant, Counter-Strike 2 na eFootball huridhika na kadi ndogo. GTA V, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, inachezeka vizuri kwenye kadi yenye kumbukumbu ya GB 4. Gemu kubwa za miaka ya karibuni zinadai kadi ya GB 8. Ikipungua hapo, picha hukwamakwama hata kama prosesa ni nzuri.

Skrini nayo ina neno lake. Skrini ya kawaida ya 1920×1080 yenye Hz 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi inayotoa picha 140 kwa sekunde kwenye skrini hiyo ni sawa na bomba la inchi nne lililofungwa kwenye koki ya nusu inchi. Mwenye skrini ya aina hiyo, na asiye na mpango wa kuibadilisha, hana sababu ya kulipia kadi kubwa.

Njia ya kwanza: iliyo tayari

Faida yake ni ya kweli. Mashine huondoka dukani ikiwaka, dhamana ni ya mashine nzima na iko kwa muuzaji mmoja, na mara nyingi Windows yake ina leseni. Asiye na fundi wa kuaminika karibu naye, na asiyetaka kushika bisibisi, ananunua utulivu, na utulivu una thamani yake.

Hasara hujificha pale mnunuzi asipotazama. Tangazo hutaja prosesa na kadi, lakini hunyamaza kuhusu pawa saplai, ubao mama, na idadi ya RAM zilizochomekwa. Humo ndimo muuzaji anamobana gharama. RAM moja ya GB 16 hufanya kazi polepole kuliko RAM mbili za GB 8, kwa sababu prosesa husoma RAM mbili kwa wakati mmoja. Baadhi ya kampuni kubwa pia hutengeneza ubao mama na pawa saplai za umbo lao wenyewe. Kipande kikifa baada ya dhamana kwisha, cha dukani hakiingii.

Kwa hiyo kanuni ni moja: muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la kila kipande, pawa saplai ikiwemo. Akikataa, au akisema "ni ya wati 500 tu, haina shida", mashine hiyo isinunuliwe.

Njia ya pili: kuunganisha

Hapa kila shilingi inaonekana ilikoenda. Vipande vyote ni vya umbo la kawaida, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kubadilishwa peke yake miaka mitano baadaye. Mgawanyo unaofaa kwa gemu ni kuipa kadi ya picha kati ya theluthi moja na nusu ya bajeti ya kesi na vilivyomo, bila skrini. Prosesa ghali iliyofungwa na kadi dhaifu ni kosa linaloonekana sana kwa wanaounganisha mara ya kwanza.

Mfano wa mashine ya bei ya chini iliyopangwa vizuri ni Ryzen 5 5600, prosesa ya viini 6, kwenye ubao mama wa soketi ya AM4, pamoja na kadi ya Radeon RX 6600 yenye GB 8. Kadi hiyo hula takribani wati 132, na mashine yote hutoshelezwa na pawa saplai nzuri ya wati 500 au 550. Upande wa Intel, Core i3-12100F ya mwaka 2022 ina viini vinne tu, lakini huendesha kadi ya kiwango hicho bila kuikwamisha katika gemu nyingi.

Anayekusanya pesa kidogo kidogo ana mlango mwingine: Ryzen 5 5600G. Hii ina picha ndani yake, hivyo mashine huwaka na kuchezesha gemu nyepesi bila kadi, na kadi huongezwa pesa zikipatikana. Sharti lake ni RAM mbili, kwa kuwa picha za ndani hutumia RAM ya kompyuta na hudhoofika sana zikiwa na RAM moja.

Njia hii ina gharama zinazosahaulika: leseni ya Windows, pesti ya joto, waya, na ujira wa fundi. RAM imeongeza ugumu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zake zimepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron, mmoja wa watengenezaji wa RAM, ilitangaza kuacha kuuza bidhaa za chapa yake ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Mashine inayouzwa na RAM yake ndani imepata thamani ambayo haikuwa nayo awali.

Njia ya tatu: ya ofisini

Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, na shehena za zile zilizoachwa hufika Mombasa na Dar es Salaam, nyingine zikipitia Dubai. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilitengenezwa ziwake kutwa bila kuchoka. Mashine ya aina hiyo yenye prosesa ya Core i5-8500 ina viini 6. Ikiongezewa kadi ndogo, inachezesha gemu zote zilizotajwa juu isipokuwa zile kubwa za karibuni, na mara nyingi ni kwa gharama ndogo kuliko njia mbili za kwanza.

Hata hivyo si kila mashine ya ofisini inafaa. Mambo matatu yanaamua.

La kwanza ni umbo. Kampuni hizi hutoa mashine ileile kwa maumbo tofauti. Ile ndogo kama kitabu haina tundu la kadi kabisa. Ile nyembamba inayolazwa chini ya monita inakubali kadi fupi tu, za nusu kimo, ambazo ni chache na ghali. Inayofaa ni ile ndefu ya kusimama, kama OptiPlex 7060 ya mnara, EliteDesk 800 G4 ya mnara au ThinkCentre M720t.

La pili ni umeme. Pawa saplai za mashine hizi ni ndogo, aghalabu kati ya wati 200 na 300, na plagi zake nyingi si za kawaida. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. Kwa hiyo kadi ichaguliwe miongoni mwa zile zisizohitaji waya wa ziada: GTX 1050 Ti, GTX 1650 ya aina isiyo na plagi, au RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70. Radeon RX 6400 nayo haina waya, lakini hutumia njia nne tu za mawasiliano na ubao mama, na kwenye mashine za umri huu hupoteza sehemu ya kasi yake.

La tatu ni kizazi, na hapa wengi wanaumia. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Ofisi nyingi zimelazimika kuziacha mashine za kizazi cha 6 na cha 7, na ndiyo maana ni za bei rahisi. Valorant kwenye Windows 11 hudai vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot. Anayenunua kizazi cha 6 leo ananunua mashine inayofungiwa milango mmoja baada ya mwingine.

> Kusoma jina la prosesa
>
> Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo kizazi. Core i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8, i3-12100 ni cha 12. Herufi F mwishoni ina maana kwamba prosesa haina picha ndani yake. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi.
>
> "Core i7" pekee haielezi kitu. Core i7-2600 ya mwaka 2011 inashindwa na Core i3-12100 ya mwaka 2022, ingawa zote zina viini vinne.

Kuamua kwa hatua

1. Gemu tatu zitakazochezwa zaidi ziandikwe, na mahitaji ya kila moja yasomwe kwenye ukurasa wake rasmi. Yatazamwe yale yanayopendekezwa, kwa kuwa ya chini kabisa ni ya kuifungua gemu tu.
2. Bei ya skrini, kibodi, mausi, na stabilaiza au UPS itolewe kwenye bajeti kwanza. Kinachobaki ndicho bajeti ya kompyuta.
3. Ikiwa gemu zote tatu ni nyepesi, jibu ni mashine ya ofisini ya kizazi cha 8 au zaidi yenye umbo la mnara, na kadi isiyo na waya wa umeme.
4. Ikiwa hata moja inadai kadi ya GB 8, pawa saplai halisi inahitajika, na mashine ya ofisini inaondoka. Inabaki kuunganisha au iliyo tayari.
5. Bei ya vipande vilevile vya mashine iliyo tayari ijumlishwe kimoja kimoja, pamoja na leseni na ujira. Tofauti ikiwa ndogo, iliyo tayari ichukuliwe kwa ajili ya dhamana yake. Tofauti ikitosha kupandisha kadi daraja moja, kuunganisha kunashinda.
6. Ikiwa bajeti haitoshi kadi na pawa saplai nzuri kwa pamoja, kadi ishushwe daraja. Pawa saplai isiguswe.

Hatua ya sita inahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo inayovunjwa zaidi. Pawa saplai mbovu haifi peke yake. Ikishindwa inaweza kupeleka umeme usio sawa kwenye kadi, ubao mama na diski, na vyote vikaungua pamoja. Katika miji ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

> Hesabu ya pawa saplai
>
> Wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa zisiaminiwe. Kwenye stika kuna safu ya +12V, na chini yake kuna idadi ya ampea. Ampea zizidishwe kwa 12.
>
> Mfano: stika inasema wati 500, lakini safu ya 12V inaonyesha ampea 20. 20 × 12 = wati 240. Kadi na prosesa hula kutoka safu hiyo, kwa hiyo kwa gemu hiyo ni pawa saplai ya wati 240.

Ukaguzi dukani, kabla ya kulipa

Mashine iwashwe mbele ya mnunuzi. Programu za bure kama CPU-Z, GPU-Z na CrystalDiskInfo hubebwa kwenye flashi, na kazi yote haizidi nusu saa. Muuzaji mwaminifu haoni shida.

☐ Swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai, ikiwepo, iko kwenye 230. Mashine zilizotoka Marekani huweza kuwa zimeachwa kwenye 115, na kuichomeka hivyo kwenye umeme wa hapa ni kuilipua.

☐ CPU-Z inaonyesha prosesa ileile iliyotajwa, na RAM mbili kwenye nafasi mbili.

☐ GPU-Z inaonyesha jina la kadi bila neno "FAKE". Zipo kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na programu hii hutambua nyingi.

☐ Kumbukumbu ya kadi imesomwa kwenye GPU-Z. Dirisha la mipangilio ya Windows hujumlisha RAM ya kompyuta, na kadi ya GB 2 ikaonekana kama ya GB 8 au zaidi.

☐ CrystalDiskInfo inaonyesha hali nzuri ya diski, na saa ilizotumika zinaendana na maelezo ya muuzaji.

☐ Kadi imepewa mzigo mzito kwa dakika 15, kwa gemu au kwa programu ya FurMark. Madoadoa ya rangi, mistari au kuzimika ghafla ni sababu ya kutonunua.

☐ Nambari za vipande na muda wa dhamana vimeandikwa kwenye risiti yenye jina la duka.

Kadi mbili zinastahili onyo la pekee. GT 730 ni kadi ya mwaka 2014 inayoendelea kuuzwa kama "kadi ya gemu". Haifai, hata iwe na GB 4. RX 580 ya mtumba inaweza kuwa nzuri, ila nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali mchana na usiku, na ile inayoandikwa 2048SP ni dhaifu kuliko RX 580 halisi. Kadi hiyo pia hula karibu wati 185, kwa hiyo mashine ya ofisini haiwezi kuibeba.

Kuunganisha bila kuharibu

1. Ulinganifu uthibitishwe kabla ya kununua. Ryzen 5 5600 kwenye ubao mama wa B450 huenda ikahitaji BIOS (programu ya ndani ya ubao mama) mpya kwanza. Soketi ya LGA1151 ya kizazi cha 6 na cha 7 haikubali prosesa za kizazi cha 8, ingawa jina ni lilelile.
2. Kazi ifanyike juu ya meza ya mbao, mbali na zulia, na mkono ugusishwe kwenye chuma kitupu mara kwa mara ili umeme tuli utoke mwilini.
3. Prosesa, feni yake na RAM vifungwe kwenye ubao mama nje ya kesi. Prosesa huingia kwa uzito wake yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, imegeuzwa vibaya.
4. RAM mbili ziwekwe kwenye matundu ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, ubao mama ukiwa na manne.
5. Vijiguu vya shaba vifungwe kwenye kesi kabla ya ubao mama kulala. Ubao mama unaogusa bati la kesi hupiga shoti.
6. Kadi iingie hadi kilimi kilie, kisha ifungwe kwa skrubu.
7. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi. Kuuchomeka kwenye ubao mama ni kosa la kawaida sana. Mchezaji hubaki na kadi isiyofanya kazi huku akidhani ameuziwa mbovu.
8. Ndani ya BIOS, mpangilio wa kasi ya RAM uwashwe, la sivyo RAM hukimbia chini ya uwezo wake. Ndani ya Windows, Hz za skrini ziwekwe kwenye kiwango chake cha juu.

Mashine ikifika nyumbani

Mashine inayokula wati 200 ikichezwa saa tatu kwa siku hutumia uniti 18 za umeme kwa mwezi. Mwenye mita ya LUKU ya pamoja na wapangaji wengine afanye hesabu hiyo mapema.

Mombasa, Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam zina adui wa ziada: hewa ya bahari. Chumvi na unyevu huleta kutu kwenye skrubu, matundu na miguu ya vipande. Kompyuta ya Pwani isiwekwe dirishani upande wa upepo, isilazwe sakafuni, na isizibwe ndani ya kabati. Bara, hasa kiangazi, adui ni vumbi. Kusafisha feni na vichujio kila baada ya miezi miwili au mitatu kunatosha, feni ikishikiliwa kwa kidole isizunguke inapopulizwa.

Kupakua gemu ni gharama nyingine. GTA V peke yake huzidi GB 100. SSD ya GB 512 ndiyo pa kuanzia, na gemu za Steam zinaweza kunakiliwa kutoka kompyuta ya rafiki kwenye mtandao wa ndani bila kugusa bando.

Aliyeanza na mashine ya ofisini hajafungiwa humo. Bajeti ikikua, kadi yake, SSD yake na RAM zake za DDR4 huhamia kwenye ubao mama wa AM4 wenye pawa saplai ya kweli, na kinachobaki kununuliwa ni ubao mama, prosesa, kesi na pawa saplai. Ganda la OptiPlex lenye i5-8500 yake, likirudishiwa RAM ndogo na diski ya kawaida, bado linauzika kwa anayehitaji kompyuta ya duka, ya stationery au ya shule.